Goti la upande wa ndani linauma nikinyonga baiskeli: pedeli mpya au soli za kuweka ndani ya kiatu?

#1 Mkazi wa Kimara
Wakuu, salaam.

Nanyonga baiskeli kutoka Kimara Mwisho hadi Kariakoo na kurudi, siku za kazi. Baiskeli ni mtumba wa Japani, gia 7 nyuma, mbele moja, na pedeli za plastiki zilizokuja nayo. Viatu ni raba za kukimbilia, soli nene na laini. Umri miaka 47, uzito kilo 92.

Asubuhi sina shida. Jioni nikishaipita Ubungo na kuanza kupandisha, goti la kulia linaanza kuuma upande wa ndani, chini kidogo ya pia. Nikifika nyumbani ngazi nashuka kiubavuubavu.

Jamaa mmoja kazini anasema ninunue pedeli za kunasa kiatu, zile za wanamichezo. Fundi viatu wa mtaani kwangu anasema unyayo wangu hauna upinde, nimpe elfu 20 anitengenezee soli za kuweka ndani. Mfuko unaruhusu kimoja kwanza. Mimi naona pedeli ndizo zenye kesi, kwa sababu nikitembea kwa miguu hata mwendo mrefu goti liko kimya. Waliopitia hili waje.

#2 Chapati Ngumu
Kilo 92 na mlima wa Kimara? Hilo goti lina adabu, lingine lingeshaandika barua ya kuacha kazi.

#3 Fundi Spoku
Usinunue kitu kwanza. Siti yako ina urefu gani?

Watu wengi hapa mjini wanashusha siti ili wakisimama kwenye taa miguu yote miwili ikanyage lami. Raha kusimama, adhabu kunyonga. Siti ikiwa chini goti linakunjwa kupita kiasi na pia inabanwa kila mzunguko. Kawaida ninavyowaona wateja: maumivu ya mbele, siti iko chini au imesogezwa mbele mno. Maumivu ya nyuma ya goti, siti iko juu.

Kipimo cha bure: egemea ukuta, kaa kwenye siti, weka kisigino juu ya pedeli ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke wote bila kiuno kuinama upande. Halafu ukiweka mbele ya unyayo kama kawaida, goti litabaki limekunjwa kidogo. Hapo upo sawa.

#4 Profesa Mnyororo
Kisigino ni makadirio ya gereji. Pima kwa namba. Simama bila viatu, mgongo ukutani, bana kitabu kigumu katikati ya mapaja kama ndiyo siti, kisha pima kutoka sakafuni hadi juu ya kitabu. Zidisha kwa 0.883. Jibu ndiyo umbali kutoka katikati ya ekseli ya krenki (krenki ni mkono unaobeba pedeli) hadi juu ya siti. Kanuni hii ilipata umaarufu kupitia Greg LeMond, bingwa wa Tour de France wa Marekani.

#5 Kisima cha Pugu
Profesa, hiyo 0.883 haijali urefu wa krenki. Kuna kanuni ya zamani zaidi ya Hamley na Thomas, mwaka 1967: asilimia 109 ya kipimo kilekile cha kitabu, lakini unapima kutoka kwenye ekseli ya pedeli ikiwa chini.

#6 Profesa Mnyororo
Tufanye hesabu basi. Kitabu kikiwa sentimita 82:
82 × 0.883 = 72.4.
82 × 1.09 = 89.4, toa krenki ya sentimita 17, inabaki 72.4.
Kilekile. Kwa kitabu cha 82, zinaanza kuachana ukiwa na krenki ndefu au fupi, na hapo ni milimita kadhaa tu. Tusimchanganye ndugu yetu.

#7 Mchuzi wa Pweza
Hesabu za kidato cha pili zote hizi na mtu anaumwa. Mkuu nenda kapige supu ya makongoro asubuhi, magoti yapate grisi. Mzee wangu kanyonga Phoenix miaka na miaka hajui pia ya goti ni nini.

#8 DadaViungo
Habari za jioni. Mimi ni mfiziotherapia, nichangie kidogo, ila siwezi kumpima mtu kwenye simu.

Kaka wa #1, sehemu uliyoitaja, ndani na chini kidogo ya pia, inaweza kuwa mambo kadhaa. Pale kuna misuli mitatu ya paja inayokuja kushikia kwenye mfupa wa ugoko, na chini yake kuna kifuko cha maji ambacho huvimba kikisuguliwa. Inaweza pia kuwa gegedu la ndani ya goti, hasa kwa umri na uzito wako. Inaweza kuwa goti linaingia ndani kila unaposukuma. Naomba majibu: Linavimba? Linakwama? Asubuhi ukiamka linakuwa gumu kwa muda gani? Umewahi kuumia mpirani? Na mtu akikutazama kwa mbele unavyonyonga, goti la kulia linashuka wima au linaelekea kwenye fremu?

Likivimba na kuwa la moto, au likakwama lisinyooke, usisubiri mawazo ya humu. Nenda hospitali.

Kuhusu hoja yako kwamba ukitembea haliumi kwa hiyo pedeli ndizo zenye kosa: kutembea hakukunji goti sana. Kunyonga kunalifikisha nyuzi 110 hivi pedeli ikiwa juu, na siti ikiwa chini linakunjwa zaidi. Kwa hiyo mimi nipo na Fundi Spoku kwenye mpangilio, anza na siti.

#9 Guta la Buguruni
Nyie mnaongelea baiskeli nyepesi. Mimi nasukuma guta, mzigo wa saruji au maji, viatu ni yebo. Siti sijawahi kupima na kitabu.

Ninachokijua: goti halifi njiani, linafia pale unapoanza kuondoka. Kuondoa mzigo uliosimama kwa kukanyaga mguu mmoja wa kulia kila mara, hapo ndipo pananiua. Sasa nashuka, nalisukuma kwa mkono hadi liingie mwendo, ndipo napanda. Mkuu wa Kimara, kwenye zile taa na vivuko vyote vya Morogoro Road unaanza na mguu gani? Nakuhakikishia ni wa kulia, na gia umeacha nzito.

#10 Ndege Tai
Guta ametema madini. Gia nzito ndiyo adui. Mkuu, unapandisha Kimara ukiwa gia namba ngapi? Wanaojua hii michezo wananyonga mizunguko 80 hadi 90 kwa dakika, miguu inazunguka haraka bila kusukuma sana. Sisi wa mtaani tunapandisha kwa mizunguko 50, kila mmoja ni kama kupanda ngazi ukiwa na gunia.

Ila kuhusu swali lenyewe: nunua pedeli za kunasa. Mimi nilikuwa na goti kama lako, nikahamia huko na viatu vyake, likaisha. Hakikisha kliti, kile kipande kinachofungwa chini ya kiatu, ni chekundu. Nyekundu ndiyo ina mchezo mwingi, yaani mguu unaweza kugeuka kidogo, haubanwi.

#11 Kisima cha Pugu
Ndege Tai, hapo utamlemaza mtu. Rangi zinategemea kampuni. Look Keo: nyeusi nyuzi 0, kijivu 4.5, nyekundu 9. Shimano za barabarani, SPD-SL, ni kinyume: nyekundu nyuzi 0, bluu 2, njano 6. Akienda Karume akaokota viatu vya mtumba vyenye kliti nyekundu za Shimano, mguu utafungwa kama msumari, na goti lenye maumivu ya ndani ndilo halitaki kufungwa.

Tena Look walileta pedeli zao za kunasa za barabarani mwaka 1984, na Bernard Hinault akashinda Tour ya 1985 akiwa nazo. Kliti za mwanzo hazikuwa na mchezo huu wa leo.

#12 Ndege Tai
Zangu ni Look, ndiyo maana. Haya, asome yote mawili.

#13 Mjomba Kotapini
Vijana mnakimbilia Ufaransa. Baiskeli ya mtumba imesafiri kwenye kontena, imelaliwa na nyenzake. Ekseli ya pedeli huwa inapinda na macho hayaoni. Fanya hivi: geuza baiskeli matairi juu, zungusha krenki taratibu kwa mkono huku ukiitazama pedeli ya kulia kwa nyuma. Ikicheza, inakanyaga ndani inakanyaga nje, basi kifundo chako kinasokotwa kila mzunguko na goti ndilo linalolipa. Halafu shika pedeli uitikise, kama gololi zimekwisha utaisikia.

Kwenye zile baiskeli zetu za kizamani ilikuwa kotapini, ile pini inayobana krenki kwenye ekseli. Ikilika, krenki inapiga kofi kila ukikanyaga. Nimebadilishia watu kotapini na magoti yakapona bila soli wala supu.

#14 Chapati Ngumu
Mjomba alikuwa anasubiri miaka mingi uzi ambao kotapini itahusika.

#15 Mjomba Kotapini
Na nimeupata.

#16 Mkazi wa Kimara
Asanteni sana, sikutegemea mwitikio huu.

Majibu kwa Dada: halivimbi, halikwami. Asubuhi gumu dakika chache tu. Mpira niliacha zamani, sikuwahi kuumia goti. Nimemwambia kijana wangu anirekodi video kwa mbele: goti la kulia linakwenda ndani kweli, karibu liguse fremu. La kushoto linashuka wima.

Kwa Guta: ni kweli naanza na wa kulia. Gia nashika namba 4 hadi nyumbani.

Kwa Mjomba: nimegeuza baiskeli. Pedeli ya kulia inacheza kidogo sana, sijui kama ndiyo kupinda au macho yangu.

Siti: kisigino kikiwa kwenye pedeli goti linabaki limekunjwa vizuri tu, kwa hiyo ipo chini. Lakini nikiipandisha nashindwa kukanyaga chini pale kwenye kivuko cha Shekilango.

#17 Fundi Spoku
Pale shuka kwenye siti, usimame mbele yake ukiwa umepitisha fremu katikati ya miguu. Siti haikutengenezwa kwa kusimamia.

#18 Tabata Segerea
Naomba nizungumzie upana, maana hakuna aliyeugusa. Mimi ni mwanamke, nyonga zangu pana na vidole vya mguu vinatazama nje kwa asili, kama vya mama yangu. Kwenye pedeli nyembamba nilikuwa nalazimika kuvirudisha mbele ili kisigino kisipige krenki, na goti likawa linauma ndani hapohapo anapopataja kaka. Nilichofanya ni kununua pedeli pana bapa zenye vijino, mguu nauweka ninavyotaka. Halafu fundi akaniongezea washa moja, ile pete bapa ya chuma, kati ya pedeli na krenki, mguu ukatoka nje milimita 2 hivi.

Sikuingia kwenye kliti kabisa. Kwa safari za mjini, za kushuka kila baada ya hatua mbili kuepuka bodaboda, sioni faida yake.

#19 Fundi Spoku
Washa moja sawa. Wasije watu wakaweka tatu wakaona ndiyo dawa. Uzi wa pedeli ukishika kidogo, siku utasimama kupandisha itang'oka na meno ya krenki. Anayetaka kutoa mguu nje zaidi kuna vipande maalumu vya kurefusha, milimita 20 kila upande, ila kuvipata Kariakoo ni bahati.

Na kabla ya kununua pedeli angalia tundu. Krenki nyingi ni inchi 9/16. Zile krenki za kipande kimoja, za BMX za watoto, ni nusu inchi. Haziingiliani.

#20 Jangwani Mafuriko
Samahani natoka nje ya mada. Mnapita wapi kwani? Ile njia ya baiskeli pembeni ya mwendokasi, mimi nakuta meza ya miwa, bodaboda tatu zimeegeshwa na jamaa anauza kava za simu. Labda goti linauma kwa kupanda na kushuka kingo.

#21 Mkazi wa Kimara
Hahaha, umesahau mhogo wa kukaanga pale Manzese. Kingo nazipanda nyingi, ni kweli.

#22 Dr Asili Original
MAUMIVU YA VIUNGO, BARIDI YABISI, GAUTI, MGONGO, NGUVU. Unga wa mizizi chupa moja tu. Njoo inbox.

#23 Chapati Ngumu
Daktari, kwenye orodha umeingiza na nguvu. Goti na nguvu wapi na wapi?

#24 Mchuzi wa Pweza
Inategemea unatumia goti kufanyia nini.

#25 Dirisha la Dawa
Tukirudi kwenye adabu: nipo duka la dawa, na kila jioni anakuja mtu wa bodaboda au wa baiskeli kununua diklofenaki "ya goti" ili kesho aendelee. Wakuu, ile siyo peremende. Ukiila mfululizo inachimba tumbo, inapandisha presha na inaumiza figo, hasa ukiwa umetoka jasho siku nzima la Dar bila kunywa maji. Mtu wa miaka 47 mwenye kilo 92, pima presha kwanza. Ya kupaka kwenye goti ina madhara machache zaidi.

#26 Mti Mkavu
Nimesoma yote, mmemsahau fundi viatu wake. Mimi natetea soli.

Unyayo wangu ni bapa kabisa, nikitoka bafuni alama ya mguu sakafuni ni kama ya bata. Nikikanyaga pedeli unyayo unalala kwa ndani, ugoko unaufuata, goti linaufuata. Video aliyoieleza #16 ni mimi mtupu. Nilichukua kandambili ya zamani, nikakata kabari nyembamba, nikaibandika chini ya soli ya ndani upande wa dole gumba. Goti likanyooka. Na wala siyo ushamba wangu, Specialized wanaweka kabari ya milimita 1.5 mahali hapohapo kwenye viatu vyao vya baiskeli.

Kosa la fundi viatu wengi ni kujaza kisigino. Kwenye baiskeli kisigino hakikanyagi kitu! Nguvu yote inapita mbele ya unyayo, juu ya ekseli ya pedeli. Soli ya kukimbilia yenye mto kisiginoni ni hela ya bure.

#27 DadaViungo
Mti Mkavu, kuhusu kisigino nakubaliana nawe kabisa. Kuhusu kabari napunguza kasi.

Goti kuingia ndani kunaweza kuanzia chini kwenye unyayo, na kunaweza kuanzia juu, misuli ya makalio ikiwa dhaifu inashindwa kulishikilia paja. Ukiweka kabari kwa mtu wa aina ya pili unaficha tu. Na kama shida ni gegedu la ndani limelika, kuinua upande wa ndani wa unyayo kunaweza kubadilisha mzigo kwa namna usiyoitaka. Mwongozo wa chama cha madaktari wa baridi yabisi wa Marekani wa mwaka 2019, kwa goti lililolika, haupendekezi soli za kabari, iwe ya ndani au ya nje. Unachosisitiza ni mazoezi na kupunguza uzito. Ni kweli huo unahusu kutembea zaidi kuliko baiskeli, najua utaniambia.

Anayetaka soli ya kupimwa kweli aende kwa mtaalamu wa viungo bandia na vifaa saidizi. Wapo MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, wapo hospitali ya CCBRT. Kuna chuo Moshi, TATCOT, kinawafundisha tangu 1981. Sijamdharau fundi viatu, ila yeye anaona kiatu, hajaona goti.

#28 Mti Mkavu
Ulijua nitasema, na nasema: unahusu kutembea. Mimi goti langu halijalika, lilikuwa linapinda tu. Limenyooka.

#29 Profesa Mnyororo
Wote mnaruka kiatu chenyewe. Raba ya kukimbilia imetengenezwa ilainike. Juu ya pedeli ndogo ya plastiki inajikunja katikati, unyayo unabonyea, kila mtu hapo anakuwa na unyayo bapa. Avae kiatu cha soli ngumu kabla ya kutengeneza kabari. Hata kiatu cha ngozi cha ofisini ni bora.

#30 Guta la Buguruni
Yebo ni ngumu pia.

#31 Mkazi wa Kimara
Wadau, mrejesho. Sijanunua kitu bado. Jumamosi nilipandisha siti sentimita 3 kwa mkupuo mmoja, nikavaa viatu vya ngozi vya soli ngumu, na kupandisha Kimara nikatumia gia namba 2. Wiki hii maumivu ya ndani yamepungua sana, labda nusu. Lakini sasa nasikia mvuto nyuma ya goti, na goti bado linaelekea kwenye fremu, kijana kanirekodi tena.

#32 Fundi Spoku
Si nilisema siti? Ila sentimita 3 kwa siku moja ni nyingi mno, ndiyo maana nyuma panavuta. Rudisha moja chini, kisha pandisha nusu sentimita kila wiki.

#33 Profesa Mnyororo
Siti au kiatu? Umebadilisha vitu vitatu kwa siku moja, hakuna anayeweza kujua.

#34 Ndege Tai
Ni gia. Nilisema mimi na Guta.

#35 Mti Mkavu
Goti bado linaelekea ndani. Nasubiri.

#36 DadaViungo
Kaka, ongeza zoezi moja: lala ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa, visigino vimegusana, fungua goti la juu bila kuzungusha kiuno. Misuli ya pembeni ya kalio iungue kidogo. Fanya siku nyingi za wiki, kisha kijana akurekodi tena baada ya mwezi na nusu. Na ubadilishe kitu kimoja kimoja, Profesa yuko sahihi.

#37 Tabata Segerea
Na pedeli pana usiziache. Hazina gharama kama kliti, na zile za plastiki zinateleza mvua ikinyesha.

#38 Mkazi wa Kimara
Nimezipata pana za alumini zilizotumika, pale Mchikichini, kwa bei nzuri. Nimeona tu hazichezi ukizitikisa, nikachukua. Ile ya zamani ya kulia imetoka vizuri, na Mjomba, ekseli yake kweli ina mpindo, nimeilaza juu ya kioo nikaona. Shida ni ya kushoto. Nimeweka spana namba 15, nimening'inia na kilo zangu zote 92, haitoki. Kuna ujanja?

#39 Mjomba Kotapini
Unaning'inia upande gani? Ya kushoto uzi wake ni wa kinyume. Unaizungusha kama unayekaza ndipo inalegea. Kwa kilo zako umeshaikaza hiyo. Mwagia dizeli, iache ilale, kesho chukua spana ndefu ugeuze upande wa pili. Na zile mpya uzi wake upake grisi kabla ya kuzifunga.

#40 Chapati Ngumu
Ikitoka hiyo pedeli ya kushoto utujulishe. Ikitoka krenki nzima pia tujulishe, tuje na mchango wa harusi.